Inchi Kumi na Mbili za Tilda

Kwa kina Niskala darasa ni meza ya jikoni, na kengele ya shule ni birika likianza kupiga mluzi. Tilda ana miaka kumi na moja na hajapanda basi la shule hata siku moja. Majirani, huko kaskazini mwa Minnesota, hawachoki kumtania. "Vipi, mwalimu mkuu kapika nini leo?" Naye huwajibu, "Uji wa shayiri na hesabu za kugawanya. Karibuni."

Baridi ilipoingia, Marit, mama yake na mwalimu wake, alimpa somo la nje. Kila siku saa tatu asubuhi ashuke na keekee kwenye ziwa lililoganda chini ya nyumba, atoboe barafu, apime unene wake, aandike daftarini. Marit alichora namba hizo kwenye chati mlangoni mwa friji. Baba, Orrin, alikuwa akiipitia akinywa kahawa, kwani pikapu yake haikanyagi ziwa kabla ya inchi kumi na mbili, na kibanda chake cha kuvulia samaki kilikuwa bado uani, kikingoja kuvutwa hadi juu ya barafu.

Wiki mbili Tilda alipima kwa uaminifu. Siku iliyofuata ile aliyoandika inchi tisa, theluji ikaanza kuanguka, laini, bila upepo, na ziwa likageuka kitu cha usingizini. Sasa mtoto huyu, sikufichi, anapotea mawazoni upesi. Aliiweka keekee chini, akafukua theluji kwa mkono, akalala kifudifudi na sikio kwenye barafu. Ikalia. Sauti ndefu, nyembamba, ilianza ng'ambo kwenye misonobari, ikapita chini ya tumbo lake, ikaenda kufia mbali. Akangoja nyingine. Ndege wadogo wenye kofia nyeusi walitua karibu na buti zake kana kwamba yeye ni gogo. Alipoinuka alikuwa hahisi pua wala saa, na birika la chakula cha mchana lilikuwa likimwita.

Akaandika tisa na nusu. Si kila siku huongezeka nusu? Kesho yake akaenda kusikiliza tena, akaandika kumi. Siku sita hivyo. Namba zikapanda vizuri kwenye friji, na Marit akasema, "Hebu ona mstari ulivyonyooka! Mwanangu mwanasayansi." Tilda akainamia uji wake.

Jumamosi asubuhi alikuwa akivaa soksi aliposikia injini ikinguruma. Akachungulia dirishani. Kibanda kimefungwa nyuma ya pikapu. Baba yuko kwenye usukani, mama kando yake, na Pia, mdogo wake wa miaka mitatu, amekaa mapajani kwa mama akipunga glavu nyekundu. Magurudumu yanaelekea ziwani.

Ndipo likamjia neno la mama mwenyewe, la somo la mwezi uliopita: theluji ni blanketi, barafu iliyofunikwa haikui upesi. Alitoka na soksi zake, akateremka mteremko akianguka na kuinuka, akasimama mbele ya pikapu, mikono wazi, ukingoni kabisa mwa ziwa.

"Tilda, wewe! Umerogwa? Viatu viko wapi?" Orrin alitoa kichwa dirishani.

"Usiende, Baba! Nilidanganya! Kumi na mbili si kweli!"

"Si kweli vipi?"

"Sikupima. Siku sita. Nilikuwa nalala tu, nasikiliza."

Injini ikazimwa. Orrin akashuka, akamwinua, akamkalisha kwenye kiti chake cha dereva, akamvisha glavu zake mwenyewe miguuni. Akachukua keekee kibandani, akatembea hatua thelathini juu ya barafu, akatoboa, akashusha rula. Akakaa amechuchumaa pale muda mrefu kuliko kupima kunavyotaka.

Aliporudi uso ulikuwa mweupe. "Tisa na robo," alimwambia Marit. Marit akamkumbatia Pia mpaka Pia akalalamika, "Mama, unanibana!"

"Nilikuwa niende moja kwa moja hadi kwenye kina," Orrin akasema, akimtazama Tilda. "Kwa mwendo wa kawaida. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, kwa sababu umeandika wewe."

Tilda akalia. Alilia kwa sauti, bila aibu, kamasi na yote, na hakuna aliyemnyamazisha.

"Umenikasirikia, Baba?"

"Sana. Nitakasirika mpaka kesho, labda keshokutwa." "Lakini ulikuja mbio na soksi."

Akaufungua mlango wa pikapu, akamgeuzia mgongo, akainama. Tilda akapanda mgongoni, na baba akampandisha mteremko polepole, mzito kama alivyokuwa, asikubali Marit ampokee.