Tumbo Langu, Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mke wangu amenichora mara nyingi kuliko alivyonipikia, na simlaumu, maana kuchora ndiko kunakotulisha tukikosa friji za kutengeneza. Mimi ni fundi wa friji. Lakini ukifungua vitabu vya shule na vya afya vya miaka ishirini na sita hii, utanikuta humo. Mkulima anayenyunyiza dawa ni mimi, mwalimu aliyeshika chaki ni mimi, mlevi aliyeanguka mtaroni ni mimi pia, na siku hiyo sikuwa nimeonja hata tone. Kuna mwaka alinifunga kitambaa kichwani na mto tumboni nikawa mama mjamzito. Nikimwambia atafute watu wengine, anasema wengine hawatulii.

Alianzia ukutani kwa kinyozi. Alikuwa binti tu, akachora vichwa sita vyenye mitindo sita ya nywele, na wateja wakawa wanaonyesha kwa kidole kichwa wanachotaka. Siku moja mtu wa kampuni ya vitabu alikuja kunyolewa, akauliza ni nani aliyechora masikio yale. Kumbe masikio ni magumu. Mikono ni migumu zaidi, na ni kwa sababu ya mikono wenzake wa kazi walimpachika jina la Mama Vidole.

Huyo Mama Vidole ana ugonjwa wake. Kazi ikishatoka nyumbani, yeye ni tumbo joto mpaka kitabu kitoke, na kikishatoka ndiyo kwanza anaanza kukikagua. Aliwahi kuacha chakula mezani akaenda kuhesabu vidole vya mtoto aliyemchora mwaka uliopita. Vilikuwa vitano. Akahesabu tena. Humpigia simu mhariri kuhusu kivuli, kuhusu kifungo, kuhusu kucha. Mimi nilikuwa nacheka.

Ana kawaida moja ambayo nadhani wachoraji wengi wanayo. Picha ikikaribia kwisha, huishika mbele ya kioo. Anasema jicho likishaizoea picha linakuwa kama mzazi, halioni kilema cha mwanawe, lakini kwenye kioo kilema kinajitokeza chenyewe. Miaka minne iliyopita kampuni ikasema haitaki tena karatasi, inataka kazi ya kompyuta. Akajifunza kwa machozi. Kwenye kompyuta kioo hakihitajiki: unabonyeza mara moja, picha yote inageuka, kulia inakuwa kushoto. Unatazama, unarekebisha, kisha unabonyeza tena irudi ilivyokuwa. Kioo cha ukutani hakiigusi karatasi yako, ila kompyuta inakuachia picha vile ulivyoigeuza, na maandishi ya kukushtua hayapo, kwa kuwa huwekwa na kampuni baadaye.

Mwaka huu alipewa kitabu cha kwanza cha mfululizo wa wahudumu wa afya wa kujitolea, wale wanaokaa mbali na hospitali. Ukurasa wa arobaini na moja ni mimi nimelala chali, tumbo wazi, na alama ya msalaba chini ya kitovu, upande mmoja. Maelezo yanamwambia mhudumu: bonyeza hapa; mgonjwa akiumia, huenda ni kidole tumbo, mkimbize hospitali. Asipoumia, apumzike nyumbani. Alituma kazi, akabandika nakala ukutani juu ya meza yake, akaanza kutokula, kama kawaida yake.

Wiki mbili baadaye mama yangu alikuja kututembelea. Alikunywa chai, akainuka kutazama picha ukutani, akavaa miwani.

"Huyu si wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Mbona alama wameiweka huku? Wewe walikupasua huku." Akanidunga kidole ubavuni, upande wa kulia.

Nilicheka. "Mama, picha inakutazama. Kulia kwake ni kushoto kwako."

"Usinifundishe kulia na kushoto, nimekuogesha mimi. Hebu simama hapo karibu nayo. Geukia huku. Fungua shati."

Nilisimama. Nilipasuliwa kidole tumbo nikiwa na miaka kumi na saba, nusura nife, na kovu langu halijawahi kuhama. Mama akanyoosha kidole kwenye kovu, akakipeleka kwenye picha. Kwangu lilikuwa upande wa mlango. Kwenye picha msalaba ulikuwa upande wa dirisha.

 Mke wangu aliweka penseli chini, akafungua kompyuta, akaweka rasimu ya kwanza na picha ya mwisho pamoja. Zilikuwa zinatazamana kama watu wanaogombana.

"Sikuirudisha," alisema. "Niliigeuza kuangalia bega, sikuirudisha."

Nitasema ukweli ingawa haunipendezi: nilimwambia anyamaze. Nilikuwa na sababu. Kampuni ilikwishaanza kulalamika kwamba mkono wake umekuwa mzito, na kitabu cha pili cha mfululizo ule alikuwa bado hajakabidhiwa. "Daktari kapitisha," nikamwambia. "Mhariri kapitisha. Wewe unajitia kitanzi cha nini?"

"Daktari alipitisha rasimu ya penseli, baba. Rasimu ilikuwa sawa." Akaweka kidole kwenye msalaba. "Mtu atabonyeza huku, mtoto hataumia, watamwambia apumzike."

Akapiga simu. Aliweka simu sauti kubwa, tukasikia sote. Mhariri ni binti mwenye adabu sana.

"Shikamoo mama. Najua, una wasiwasi."

"Marahaba mwanangu. Ukurasa wa arobaini na moja umegeuka. Simamisheni."

"Mama, mwezi uliopita ulinipigia kuhusu kucha. Kucha zilikuwa sawa. Halafu ukanipigia kuhusu kivuli."

"Hii si kucha!"

"Daktari ameshasaini, mama. Na mashine imeanza tangu saa tatu. Pumzika kidogo, ndiyo naingia kikaoni, nitakupigia." Simu ikakatika. Akapiga tena, haikupokelewa.

Sijawahi kumwona mke wangu akitafuta viatu akiwa amevivaa. Siku hiyo nilimwona. Mama akasema, "Mpeleke, unangoja nini? Usipoziba ufa utajenga ukuta." Tukakodi gari. Njia nzima alikuwa ananishika goti na kuniuliza saa, na kila nikimjibu aliuliza tena.

Kiwanda cha uchapaji kina kelele ambazo unazisikia kwa meno. Mkuu wa mashine, bwana mnene mwenye pamba masikioni, alitusikiliza akitingisha kichwa. Alituonyesha karatasi zilizokwisha kutoka, kubwa kama shuka, kila moja na kurasa kumi na sita, nusu zimesimama na nusu kichwa chini.

"Mama, hapa kila kitu kiko kichwa chini," alisema. "Hata mimi sijui kulia ni wapi. Na nisiposikia kutoka ofisini, sizimi. Maji yakimwagika hayazoleki."

Mke wangu aliitafuta picha kwenye karatasi ile, akaizungusha mpaka kichwa changu kikawa juu. Kisha akanitazama. Nikajua.

"Baba, lala hapo."

Nililala juu ya rundo la karatasi mpya, nikapandisha shati. Vijana wa mashine walivunjika mbavu. Mmoja aliuliza kama mzee naye anaingizwa mashineni. Mficha uchi hazai, nilijiambia, ila tumbo langu la sasa si lile la kwenye picha, na hilo lilichekwa zaidi. Mke wangu alitandika karatasi kando yangu, kichwa kwa kichwa, akaweka kidole kwenye kovu langu na kingine kwenye msalaba.

"Huyu alipasuliwa kidole tumbo," alimwambia mkuu wa mashine. "Wewe una watoto?"

Mkuu wa mashine alitazama vidole viwili vile. Akajigusa tumbo mwenyewe, upande wa kulia, kisha wa kushoto. Vicheko vikaisha. Akatoa pamba sikioni, akaenda kuzima.

Mhariri, aliyepigiwa simu na kiwanda, alifika baada ya kama nusu saa, anahema. Alipoona karatasi aliziba mdomo. Mkuu wa mashine alikuwa ameshaleta fomu ya kusimamisha kazi, na kwenye fomu kuna mstari wa jina la aliyesababisha kosa. Aliiweka mezani katikati yetu. Mhariri aliitazama kalamu, asiiguse. Saini yake ilikuwa kwenye picha ile, ya daktari kwenye rasimu. Mke wangu akaichukua kalamu. Hakuna kitabu hata kimoja chenye jina lake, wachoraji wa vitabu vile hawaandikwi. Pale aliandika majina yake yote matatu, kwa herufi kubwa, asiruke hata moja. Nilimwonea uchungu.

"Asante, mama," mhariri alisema tukiwa getini. "Kile kitabu cha pili… tutaongea."

Tutaongea maana yake kila mtu anaijua. Kwenye gari nilijaribu kumchekesha. Nilimwambia tumbo langu limesimamisha kiwanda kizima, wakubwa wangapi wameweza hilo? Hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Na vile vingine?" aliuliza.

"Vipi?"

"Tangu nianze kompyuta. Vitabu saba."

Sikuwa nimefikiria. Naapa, mpaka hapo nilidhani yamekwisha.

Tulipofika alikwenda moja kwa moja kwenye rafu. Rasimu za miaka hiyo alikwishazitupa, akabaki na vitabu vyenyewe na mimi. Mama alituona tunaingia hatusalimu, akatusogezea viti. Cha kwanza kilikuwa cha huduma ya kwanza. Alifungua ukurasa wa sita, aliyezimia analazwa kwa ubavu, mkono mmoja umekunjwa chini ya shavu.

"Vua shati," alisema. "Lala kama ulivyolala siku ile. Mkono gani ulikuwa chini?"

Nililala sakafuni. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa na wasiwasi, mimi kazi yangu ilikuwa kutulia na kusema iko sawa. Nilifungua mdomo niseme iko sawa. Alikuwa amepiga magoti juu yangu na kitabu wazi, anasubiri, na mimi niliinua mkono wangu wa kulia nikautazama kwanza, kuhakikisha kwamba ni wa kulia.