Siku Niliyojificha Ndani ya Bafu la Mzungu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, pale Kasulu miaka ya sabini, nilipolala ndani ya bafu la Mzungu nikiwa na viatu miguuni. Usicheke bado.

Nyumba ile ilikuwa ya mkuu wa wilaya wa enzi za ukoloni. Serikali ikaifanya makumbusho, nami nikapewa kazi ya kuwatembeza wageni. Nilijiona mtu mzito kweli kweli. Wakati huo nilikuwa nimeposa binti wa kijiji cha Kitahana, na posa imepokelewa. Nawe unajua mila yetu: kijana aliyeposa hatazamani uso kwa uso na mama mkwe, sembuse kumwingiza chumba chenye kitanda.

Basi lori likaleta kina mama wa Kitahana. Wa kwanza kushuka, mama mkwe! Nikakimbilia bafuni, huko nyuma kabisa, nikajitupa ndani ya bafu lenyewe, lile beseni refu la kuogea, na kujifunika shuka la maonyesho. Niliwaza wataanzia sebuleni, nipate kutoroka. Wapi! Kina mama wetu, nyumba ya watu huiingilia uani, waone jiko kwanza.

“Yoo! Kumbe Mzungu hawakumzika!” mmoja akasema, alipochungulia bafuni akaona shuka limefunika mtu.

Mama mkwe akafanya ishara ya msalaba, akaanza kuniombea pumziko la milele. Vumbi la shuka likaniingia puani, nikapiga chafya. Wenzake wakatoka mbio. Yeye akabaki, akafunua shuka, akanitambua, akanigeuzia mgongo upesi.

“Mkwe,” akauambia ukuta, “hii ndiyo heshima? Kunifanya nimwombee maiti anayepiga chafya? Ungeinama tu mlangoni, ukatazama pembeni, ukatueleza nyumba. Sasa nikaseme nini nyumbani, binti yangu anaolewa na nani?”

Nikajua posa inavunjika. Moyo uliniuma, maana yule binti nilimpenda sana. Nikatoka ndani ya bafu, nikapiga goti macho chini, nikaomba radhi. Kisha nikawaita wenzake, nikawaeleza nyumba chumba hadi chumba. Mama mkwe alitangulia, akiuliza maswali bila kugeuka.

Mwishoni akawaambia wenzake, “Anaeleza vizuri akiwa hai. Ya bafuni tuyaache bafuni.”

Harusi ikafungwa baada ya mavuno.

Kwa hiyo, mwanangu, unayemheshimu usimkimbie. Mwendee na haya zako hizo hizo, umwamkie, ufanye kazi yako mbele yake. Ukikosea, omba radhi kabla hujatafuta pa kujificha. Nami nakuombea: Mungu akupe wakwe wa kukukemea faraghani na kukusitiri mbele za watu.