Kilo Ishirini Nilizomwahidi Dada Rukia

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunijia kila nikipanda kwenye mizani ya zahanati. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Mie na dada yangu Rukia tulikuwa tumekaa mbele ya meza ya daktari, na daktari alikuwa anapekua faili huku uso wake umekunjuka kidogo, kama mtu mwenye habari njema. Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Nilikuwa na duka la rejareja hapa hapa Tabata, mke mmoja aitwaye Tatu, na uzito wa kilo mia moja na kumi na nane.

Rukia alinitangulia kuzaliwa kwa miaka saba. Mama yetu alifariki mie nikiwa darasa la tatu, na tangu hapo Rukia ndiye aliyenifulia sare, akanichana nywele, akanikalia mezani mpaka nimalize hesabu za mwalimu. Wakati ninaokusimulia alikuwa mjane, anakaa Tegeta na binti yake wa pekee, Mariamu, na riziki yake ilikuwa kushona nguo za watoto. Kisha figo zake zikaacha kufanya kazi. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na akitoka huko hakuwa na nguvu hata ya kutia uzi kwenye sindano. Siku hizo kupandikizwa figo kulikuwa ni kwenda India. Ndugu walishakubaliana kuhusu safari. Kilichobaki ni mtu wa kutoa figo.

"Damu zenu zinapatana vizuri sana," daktari akasema. Rukia akanishika mkono chini ya meza. Kisha daktari akafunga faili, akanigeukia. "Shida ni uzito wako, Saidi. Presha iko juu, na sukari nayo inakaribia pabaya. Siwezi kumpeleka mtoaji akapasuliwe halafu nikabaki na wagonjwa wawili. Punguza kilo ishirini. Nakupa miezi sita."

"Atapunguza," Rukia akajibu kabla sijafungua mdomo.

Tulipotoka nje akanitania. "Kilo ishirini hazifiki hata mfuko wa unga. Na wewe kutwa unabeba mifuko."

"Nitazitoa, dada. Wallahi nitazitoa."

Nilimaanisha, mwanangu. Naomba unielewe hapo, maana yatakayofuata yatakufanya unione sikumpenda. Nilimpenda kuliko nilivyompenda mtu yeyote. Siku ile ile nilinunua raba, na kesho yake baada ya sala ya alfajiri nikatoka kutembea kufuata njia ya reli. Nilitembea siku tano. Mapaja yalichubuka, magoti yakavimba, na vijana wa bodaboda wakawa wananiita bonge kila nikipita kijiweni kwao. Siku ya sita mvua ikanyesha. Nikajiambia nitaendelea ikikatika. Ilipokatika nikajiambia wiki imeshaharibika, nianze upya Jumatatu. Siwezi kukuhesabia ni Jumatatu ngapi nilizianza.

Katikati ya wiki ile ya mvua, binamu yetu Hamza alivuka kutoka Kigamboni, akaenda mpaka Tegeta kumwona Rukia. Hamza ni mtu wa maneno machache, fundi wa friji. Aliponikuta pale sebuleni akasema, "Nami nataka nikapimwe. Kama yangu itafaa, achukue."

Nikamwambia, "Usihangaike, Hamza. Sie ni wa tumbo moja, yangu inatosha. Nimeshaanza kupungua."

Rukia akaniangalia kwa furaha ambayo mpaka leo siwezi kuielezea. Hamza akanywa chai yake, akaaga, akarudi Kigamboni. Sikuona kosa lolote katika maneno yale. Niliona nimesema kama mwanamume.

Sasa nikueleze maisha ya dukani yalivyokuwa. Mtu wa duka anakaa. Anakaa tangu asubuhi mpaka anafunga, na kila kitu cha kutafuna kiko umbali wa mkono wake. Nilikuwaga nafungua pakiti ya biskuti bila kujua nimeifungua. Tatu alinifungia mchicha na samaki wa kuchoma kwenye hotpoti, mke mwema yule, na mie nilimpa fundi viatu wa jirani, kisha nikaagiza chipsi mayai. Nikirudi nyumbani narudisha hotpoti tupu, naye ananiuliza kama nimeshiba. Halafu watu wa kwetu ukinenepa wanakupongeza. Wanasema biashara imekubali, mke anakutunza. Hakuna mteja hata mmoja aliyejua kwamba ule mwili waliokuwa wanausifia ulikuwa ndio kikwazo kati ya dada yangu na uhai wake.

Nyie vijana mna neno lenu, mnasema, "Sina mzuka." Sie tulisema moyo haujataka. Nilikuwa naungoja moyo utake. Nilidhani iko siku nitaamka nauhisi mwilini, nguvu fulani, hamu ya kutembea na kuchukia mafuta, na hapo ndipo nitaanza sawasawa. Nikajaribu kujitisha. Niliweka picha ya Rukia kwenye droo ya pesa ili kila nikitoa chenji niione. Ikawa kila nikiiona moyo unanidunda, na moyo ukidunda natafuta kitu cha kutafuna. Baadaye nikaigeuza ikatazama chini.

Ukaja mwezi wa Ramadhani. Nikasema huu ndio wenyewe, nitafunga na mwili utashuka bila mie kuulazimisha. Kumbe mchana kutwa nilikuwa nafunga, na magharibi nafuturu kama mtu anayelipiza kisasi: tambi, mihogo ya nazi, kaimati, maharage ya sukari. Siku ya Idi kanzu mpya haikushuka tumboni, Tatu akaipeleka kwa fundi ikaongezwe pembeni.

Na kila jioni Rukia alinipigia simu. Tegeta na Tabata si mbali sana, lakini kwa foleni za Bagamoyo Road na hali yake ile, tulikuwa hatuonani mara kwa mara. Swali lake lilikuwa moja. "Leo umetembea, mdogo wangu?"

"Nimetembea, dada."

"Umefika wapi?"

Nami namtajia. Mara Segerea, mara Buguruni. Nilimtajia sehemu ambazo siku hiyo hata kivuli changu hakikufika. Mwezi wa tatu nikamwambia nimetoa kilo nane. Mwezi wa nne nikasema kumi na moja. Akawa anacheka kwenye simu, anawaambia majirani zake kwamba mdogo wake amekuwa mwanamichezo.

Kuna jambo jingine, mwanangu, na hili hata Tatu nilichelewa kumwambia. Nilikuwa naogopa kisu. Nikifikiria kulazwa India, tumbo limefunguliwa, kuna sehemu ndani yangu iliyokuwa inashukuru kwamba bado ni mnene. Sikuwahi kulitamka, hata kwa kunong'ona. Lakini lilikuwepo, na nadhani ndilo lililokuwa linafungua zile pakiti za biskuti.

Mwezi wa tano, siku ya Alhamisi, Rukia alitoka kwenye mashine akaamua kupitia Tabata bila kunipigia. Bajaji ikamshusha mbele ya duka. Alinikuta nyuma ya kaunta na sahani ya chipsi mayai, soda imefunguliwa, kanzu imenibana hapa na hapa. Alikuwa amekonda, uso umekuwa mweusi wa majivu, miguu imevimba. Akageuza kreti tupu la soda akakalia, akajifuta jasho kwa ncha ya mtandio, akaniomba maji. Nikampa glasi. Akanywa funda mbili tu, akanirudishia, kwa sababu maji yake yalikuwa ya kupimiwa.

"Umepungua kilo ngapi?" akaniuliza.

Nikaifunika sahani kwa gazeti.

"Saidi."

"Nimeongezeka nne."

Akaja mteja wa sukari, nikampimia, akaondoka. Nilitamani Rukia anitukane. Angenitukana ningejitetea, na kujitetea kungenipa pa kujificha.

"Unaogopa?" akauliza.

"Naogopa, dada."

"Na mie naogopa. Toka siku ya kwanza naogopa." Akaikunja ncha ya mtandio, akaikunjua. "Kuogopa sikulaumu. Kushindwa sikulaumu pia, mwili ni wako na mie najua kazi ya kuubadilisha si ndogo. Lakini ungeniambia, Saidi. Ungeniambia mwezi wa kwanza kwamba umeshindwa, ningemwambia Hamza ndiyo. Mie nimekaa miezi mitano namngoja mtu ambaye hayuko njiani."

Sijawahi kupigwa kofi zito kama hilo, na alilisema taratibu, kama anayenielekeza hesabu.

Hamza alipigiwa simu jioni ile ile. Kesho yake akavuka, akapimwa, na majibu yalipokuja yakawa yanafaa. Hakuniuliza chochote. Akaanza kushughulikia pasi ya kusafiria. Nami wiki ile, nakuapia, nilitembea kila siku, nikala mchicha wa Tatu mpaka wa mwisho, kama mtu anayekimbilia basi lililokwishaondoka. Rukia akashikwa na homa ya mapafu. Mwili ulikuwa umechoka kupigana. Alilazwa siku kumi na moja, ya kumi na mbili akafariki, pasi ya Hamza ikiwa bado haijatoka.

Nilimfuata daktari baada ya arobaini. Nikamuuliza kama angepona laiti figo ingekuwa imepatikana mapema. Akaniambia hakuna ajuaye, wako wanaopandikizwa wakaondoka duniani, na wako wanaoishi na mashine miaka mingi. Alikusudia kunipoza. Lakini mie sikuwahi kuhitaji mtu aniambie kwamba nilimuua dada yangu, na sisemi hivyo. Ninachokijua ni kwamba nilichukua miezi mitano yake, na nikamchukulia na Hamza, kwa ajili ya kuficha aibu yangu.

Mariamu tulimleta nyumbani kwetu. Alikuwa na miaka tisa. Shule tuliyompatia ilikuwa ng'ambo ya barabara kubwa, kama nusu saa kwa miguu, na baada ya kufiwa na mama yake alikuwa hataki kupanda gari lolote. Gari kwake ilikuwa ni hospitali. Basi ikabidi nimpeleke kwa miguu asubuhi na kumfuata mchana, Tatu akikaa dukani. Sikuwa na moyo wala mzuka. Asubuhi nyingi nilikuwa nataka kulala. Lakini mtoto ameshavaa viatu, amesimama mlangoni na begi mgongoni, anakuuliza, "Mjomba, twende?" Utamjibu nini? Tukaenda. Mvua ikanyesha, tukaenda na mwavuli. Mapaja yakachubuka, Tatu akanipaka mafuta ya nazi, tukaenda. Njiani alikuwa ananisimulia mambo ya darasani, na nikagundua siwezi kumsikiliza mtoto na kutafuna biskuti kwa wakati mmoja.

Sikujipima. Suruali zilianza kulegea, nikakaza mkanda. Ukapita mwaka na miezi, nikaenda zahanati kwa ajili ya kikohozi, muuguzi akanipandisha kwenye mizani kama wanavyofanya kwa kila mtu. Akasoma tisini na saba. Akaangalia kadi yangu ya zamani, akatabasamu. "Hongera sana, kaka. Umetoa zaidi ya kilo ishirini."

Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa nikalia mbele za watu. Yule binti wa watu akadhani ni furaha, akaniletea maji. Zilikuwa ni zile zile, mwanangu. Kilo zile zile nilizokuwa nadhani haziwezi kutoka mwilini mwangu. Zilitoka taratibu, bila mshindo wowote, wakati mtu aliyezihitaji yuko ardhini.

Ndiyo maana nimekuita ukae. Nimesikia unasema daktari amekushauri upungue na wewe unasubiri mpaka upate hamasa. Mie niliisubiri, haikuja. Hata nilipokuwa natembea na Mariamu haikuja. Ilikuja miguu tu, na mwili ukaifuata miguu. Basi usiungoje moyo. Tafuta mtu au kazi ambayo itakutoa nje kila siku hata kama hutaki, uifungamanishe na mwendo wako, na uende kidogo kidogo. Usiweke picha za kujitisha. Woga unakula sana, nimeuona mwenyewe. Na usiache mtu akucheke mwili wako, wala wewe usijichukie, kwa sababu siku nilizojichukia ndizo nilizokula zaidi.

Lakini hayo yote ni madogo. Kubwa ni hili: siku utakayoshindwa, na utashindwa siku nyingi, sema. Mwambie mkeo, mwambie daktari, mwambie anayekutegemea. Sema, "Leo sikutembea." Sema, "Naogopa." Kushindwa kusikofichwa watu watakusaidia kukubeba, au watajua mapema watafute njia nyingine. Mie nilipewa dada ambaye angenisamehe kwenye simu ya kwanza kabisa, na nikamnyima nafasi hiyo.

Nenda sasa, mwanangu. Mola akupe afya ya kuwatumikia unaowapenda. Akupe watu wa kukungoja, na akupe ulimi wa kuwaambia ukweli wakiwa bado wanakusikia.