Hina ya Mtihani

Juzi kwenye duka la intaneti hapa Mji Mkongwe nilikaa nyuma ya wasichana wawili wanaosomea udaktari. Mmoja alikuwa akiizungusha mifupa ya kiganja kwenye kompyuta, akiitazama kama anayechagua kanga. Darasani haendi, asema kila kitu kimo mtandaoni. Umeme ukakatika.

“Yallah! Na mtihani kesho!”

“Kwani mkono wako nao umekatika?” mwenziwe akamuuliza. Akatoa koni ya hina mkobani, akamvuta kiganja, akawa anaubonyeza kila mfupa, anauchora na kuuandikia jina. “Upapase, shoga, usiutazame tu.”

Umeme uliporudi, hina ilishakauka, na mwenye mkono alikuwa akiitaja mifupa yote huku kafumba macho. Nami kwa umbea wangu nikauliza, “Hiyo inafutika lini, mwanangu?”

Akakitazama kiganja. “Ya Rabbi! Watasema naibia!”

“Utavaa glavu,” mwenziwe akasema akicheka. “Kwani mifupa yao ya mtihani utaishika kwa mikono mitupu?”

Mwenye hina alitoka kakunja ngumi, akificha majibu ambayo keshayatia kichwani. Mie nimezoea wasomi wa kinyume chake, wanaotembea na vyeti mkononi vya mambo yasiyowaingia kichwani.