NILIDAI TALAKA SIKU MUME WANGU ALIPOPUNGUZWA KAZI MAREKANI

Admin, nifiche jina, maana nikijulikana mtaa wetu wote wa Manfuha utanicheka. Mie ni mwanamke wa miaka 28, asili yetu Unguja ila nimezaliwa hapa hapa Riyadh. Babu alikuja baada ya mapinduzi, na mpaka leo tunaishi kwa ikama, kibali cha ukaazi. Kila mwaka baba anakwenda kumbembeleza kafili, Msaudia anayemdhamini, amfanyie upya. Mafuta yamepanda bei, mji mzima unajengwa, sisi bado wageni. Nilichoka wallahi.

Ndipo ikaja posa ya kijana wa kwetu aliyeko Marekani, mtu wa kompyuta. Kampuni yake ilikuwa inamwombea green card. Ndoa ikafungwa mbio mbio, ami yake wa Jeddah akasimama wakili wake, ili jina langu liingie kwenye faili kabla karatasi hazijatoka. Miezi minane tukawa mke na mume wa kwenye simu, hata mkono hatujashikana. Na mie nikaringa! Mashoga zangu wote walijua naenda Marekani.

Siku moja adhuhuri akanipigia. "Mke wangu, kampuni imepunguza watu, na mie nimo. Maombi yangu yamesimama. Nina siku sitini nipate kampuni nyengine, la sivyo nirudi nyumbani. Niombee dua."

Mnajua nilimjibu nini? "Kumbe na wewe una kafili! Mie nakimbia kafili, niolewe na mwenye kafili? Niache!"

Akasema, "Nipe hizo siku sitini tu." Nikamwambia hata sita sikupi. Nikamtukania na mama yake, marehemu. Wiki haikwisha, talaka ikaja. Kwa vile hatukuwahi kukaa pamoja, hata eda sikukaa. Nikasema halas, yamekwisha, nikaenda zangu sokoni Al-Dirah kununua udi.

Zilibaki siku chache katika zile sitini akapata kazi. Kampuni mpya ikamwombea upya, na kumbe nafasi yake kwenye foleni ya green card haikupotea, kwa kuwa ombi la kampuni ya mwanzo lilishapitishwa. Sasa zamu yake inakaribia, na kama mara ile, anataka kuoa kabla. Kamposa mdogo wangu, tumbo moja!

Kumbe mie nilipokuwa natukana, huyu mtoto alikuwa anampigia kumtaka radhi kwa niaba yangu. Baba wala hakunionea haya: "Wewe ulimkimbia. Mwenzio alimuuliza kama amekula."

Harusi ni Jeddah, Al-Mahjar, nyumbani kwa ami yake, wiki mbili zijazo. Juzi mdogo wangu alinishika mikono. "Dada, nataka radhi yako tu. Ukisema hapana, naacha." Nikambusu, nikamwambia Mungu awape kheri.

Muongo mkubwa mie. Nina sauti aliyonitumia yule mwanamume siku ya talaka, analia, anasema hata akioa wanne hatampenda mwengine kama mie. Nataka nimsikilizishe bibi harusi siku ya hina, ikiwa bado mbichi mikononi, asiweze hata kujifuta machozi.

Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nishaurini jamani, niende nayo Jeddah au niifute? Maana nikiifuta, sina kitu chake kingine kilichobaki.