Shahidi wa Dobi

Jirani yangu anaitwa Mstari. Ni dobi, na jina hilo alipewa na suruali za watu: zikitoka mezani kwake zina mstari uliosimama wima, ukiupita vibaya unaweza kukukata. Mimi nauza vifungo, zipu na nyuzi chumba cha pili. Kati yetu pana ukuta wa mbao ambao panya akipiga chafya upande wake, mimi upande wangu namwombea afya. Kwa hiyo haya nisemayo sikuhadithiwa.

Miaka kumi na mmoja nimeisikia pasi yake ikigonga meza, na sauti yake ikisema maneno yale yale. "Lete maji." "Hili la nani?" "Hilo bado, weka kule." Mkewe alileta maji, akaweka kule. Mstari nilikuwa nimeshamfanya kaka, kwa hiyo mkewe nikamwita wifi. Watoto hawakujaliwa, na suala hilo nalo sikusikia likizungumzwa. Mimi ni mjane, kimya cha nyumba nakijua, lakini cha kwangu angalau kina sababu.

Mteja wao mmoja alikuwa mwalimu wa udereva. Mashati meupe matano kila wiki, na kila Jumamosi wifi ndiye aliyempelekea. Tena alitumwa na Mstari mwenyewe, kwa kuwa dobi hushinda wima kutwa na jioni miguu huwa haimtaki. "Mpelekee yule mwalimu, mimi siwezi," alikuwa akisema. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kaka yangu kikulacho alikikunja vizuri, akakitia kwenye mfuko, akampa mkewe akipeleke.

Siku moja yale mashati yakaacha kuja. Mstari aliumia kama fundi aliyekimbiwa. Wiki mbili alininung'unikia mlangoni kwangu. "Dada, mtu anahama bila hata kuaga? Kama kuna shati nililiunguza si aseme?" Nikamwambia wateja ndivyo walivyo.

Sasa sikiliza. Madobi wengi huipiga pasi mikono ya shati ikalala bapa, na mstari ukashuka kutoka begani. Mstari hafanyi hivyo. Anaivisha kwenye kigogo kilichozungushiwa blanketi ili itoke na umbo la mkono wa mtu, halafu juu ya kifungo anaacha kikunjo kimoja, upana wa kidole. Hakuna mwingine afanyaye hivyo mtaa huu. Alimfundisha mtu mmoja tu.

Basi mchana mmoja gari la mafunzo likazima mbele ya maduka yetu. Mwanafunzi anahangaika na ufunguo, mwalimu ametoa mkono dirishani kuwaashiria wa nyuma wapite. Mstari alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Akautazama ule mkono mpaka gari likaondoka. Kisha akaingia kwangu, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Dada," akasema, "ule mkono wa shati umetoka nyumbani kwangu."

Nilidhani jioni ile nyumba itawaka moto. Haikuwaka. Wiki nzima nilisikia lete maji, hili la nani, hilo bado. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nikawa nausubiri huo mshindo. Jumatatu wifi akapita mbele ya duka langu na begi, akanipungia mkono, akaenda. Hakuulizwa wala hakufukuzwa.

Wakili alikuja mwezi uliofuata kuchukua joho lake. Ni mwanamama mpole, joho hilo Mstari amelipiga pasi tangu siku yake ya kwanza mahakamani. Nikaisikia pasi ikiwekwa chini.

"Mheshimiwa, mtu akichukuliwa mke, anaweza kumshtaki aliyemchukua?"

Wakili hakucheka, na kwa hilo namheshimu. "Kwa sheria yetu inawezekana," akasema. "Lakini kulala naye peke yake hakutoshi. Tunatakiwa kuonyesha kwamba kabla yake upendo ulikuwepo, kwamba ulikufa, na kwamba yeye ndiye aliyeuua. Wakili wake atasimama aseme ndoa hii ilikuwa imeshakufa, mteja wangu alikuta matanga tu."

"Lipo shati la huyo bwana. Hakimu akiona mikono..."

"Shati litaonyesha alikokwenda, kaka. Mimi nataka kitu cha kuonyesha alikotoka. Nani aliwahi kuwaona mkipendana?"

Swali hilo lilimwingia Mstari kuliko mkewe kuondoka. Nilimwona siku zile. Hakuwa anamtaka tena mwalimu wa udereva afungwe wala alipe, alitaka mtu mmoja tu athibitishe kwamba yeye aliwahi kuwa na mke aliyempenda. Alimwendea fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, akaambiwa, "Nyinyi mlikuwa watu wa amani sana." Akamwendea dada yake wa kuzaliwa, naye akasema, "Si alikuwa anakupikia?" Alipokosa kote, akaja kwangu.

"Wewe umekaa nyuma ya huu ukuta miaka kumi na mmoja. Ulisikia nini?"

Nilitaka kudanganya. Nikatafuta kicheko kimoja katika miaka hiyo yote nimpe, sikukipata. Nikampa nilichokuwa nacho. Wifi aliwahi kushona gauni la kijani, vifungo sita alinunua kwangu. Siku alipolivaa mara ya kwanza nilisikia viatu vyake vikipita mbele ya meza ya pasi, vikarudi, vikapita tena. Mara ya tatu kaka akasema, "Mgongoni pamekunjamana. Vua nikunyooshee." Akalivua. Pasi ilikwenda polepole mno, hata magauni ya maharusi hayapigwi vile. Baadaye wifi akaja kuketi kwangu, akaniuliza, "Wifi, limenikaa?" Nikamwambia limekukaa. "Haya," akasema, na akatazama barabarani.

"Nitasema nilisikia ukilipiga pasi lile gauni," nikamwambia.

Alifikiri. "Nguo zake zote nilizipiga kwanza, dada. Asubuhi, kabla ya mteja yeyote, pasi ikiwa bado safi."

"Ulimwambia?"

"Si alikuwa anaziona zimenyooka?"

Nilikasirika, kusema kweli. Nilimkasirikia kwa sababu alinitia huruma, na hasira ya namna hiyo haina pa kwenda. Jumapili nikaenda mwenyewe kwa wifi.

Nilimkuta sebuleni kwa mwalimu, meza ya pasi karibu na dirisha, mashati meupe yamening'inia. Mwalimu alikuwa barabarani na mwanafunzi. Wifi alinikaribisha vizuri, akaniuliza hali ya mgongo wangu, kisha akaniacha niseme nililojia.

"Kwa hiyo anataka kujua kama upendo ulikuwepo," akasema.

"Anataka shahidi."

"Aje aniulize mwenyewe. Akiniuliza kwa mdomo wake nitakwenda kusema mahakamani, hata nikimponza huyu wa hapa. Mwambie hivyo." Akakunja shati, akalikunjua tena. "Wifi, siku ile alipojua, mimi niliona kwamba amejua. Nikafunga begi, nikaliweka nyuma ya mlango mahali anapoliona. Siku saba. Nilikuwa nasubiri aniulize unakwenda wapi. Angeuliza ningebaki."

Nilirudi kwa miguu, njia nzima nikilipima lile neno la mwisho. La kwanza nilimfikishia kaka kama lilivyo: nenda kamwulize, atakuwa shahidi wako. La pili nikalibakiza. Nilijiambia akienda, atalisikia kwa mwenyewe.

Penye miti hapana wajenzi, na dobi yule shati lake mwenyewe siku zote lilikuwa kama limetafunwa. Jumamosi ile alilipiga pasi. Aliipiga na suruali, akafunga duka saa tisa, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nikamwambia, "Kaka, kuuliza si ujinga." Akaitikia kwa kichwa, akaenda.

Hata saa haikuisha akawa amerudi. Akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Ulimkuta?"

"Alifungua mlango mwenyewe."

"Ukamwuliza?"

Akatazama mikono yake. Ngozi ya dobi ni nyekundu na laini kwa mvuke, inaonekana kama ya mtu mwingine. "Nilimwambia mikono ya mashati ya yule bwana anaipiga vizuri."

"Naye?"

"Alisubiri kidogo. Halafu akasema ahsante, akafunga mlango."

"Na swali, kaka?"

"Swali ndilo lilikuwa hilo, dada."

Nikampimia mtu aliyeingia mita mbili za zipu, na nilipogeuka alikuwa ameshaondoka.

Wakili alipokuja tena, Mstari alimpa joho lake na kumwambia shahidi hakupatikana. Wakili akasema kama ni hivyo, kesi asiifungue, itamwumiza bure. Wakaagana kwa heshima. Shati lake kaka limerudia kutafunwa, na sauti ya lete maji haipo tena, anajichotea. Asubuhi pasi inachelewa kuanza. Nadhani hajui aanze na nguo ya nani.

Wiki iliyopita nilikuwa napanga vifungo kwenye vikopo, mchana, hakuna mteja kwangu wala kwake. Pasi ikasimama. Nikamsikia akisogea mpaka kwenye ukuta, karibu kabisa.

"Dada."

"Naam, kaka."

"Siku ile ulipokwenda kwake. Kuna kitu kingine alisema?"

Nilimjua kwa miaka kumi na mmoja, na hakuwahi kuniuliza swali ambalo jibu lake aliliogopa. Wifi alilingoja swali kama hilo siku saba, na begi nyuma ya mlango. Kikopo cha vifungo kilikuwa mkononi mwangu, nikakishika kwa nguvu visigongane.

"Hapana, kaka," nikamjibu. "Alisema hilo tu."

Kisha nikasikia pasi ikianza tena.