Mikia Tisa Kanisani

Jumamosi nikiwa sina zamu saluni, naenda mtaa wa Westville kwa wanafunzi fulani wa chuo. Niliwasuka nywele mpaka tukazoeana. Tunakaa mezani, tunarusha dadu, na kila mmoja anaigiza kiumbe wa kubuni: huyu askari, yule mganga. Mimi ni mbweha wa Kijapani. Hadithi za kule zinasema mbweha akiishi sana huongezewa mkia mmoja mmoja hadi tisa, na anaweza kujigeuza mwanamke, akaolewa, akapendwa. Balaa ni mkia. Ukijitokeza chini ya nguo, mbwa wanabweka na mwanamke anakimbia nyumba yake mwenyewe.

Sikuhitaji kufundishwa kumwigiza. Tangu tutoke Bukavu tukaja kuishi ugenini, mama yangu hunifinya paja kila nikifungua mdomo kwenye taxi. "Usiseme Kiswahili humu. Watatujua ni wageni, watatupiga." Wanasema mkataa kwao mtumwa, na mimi nimekuwa nikikataa kwetu kila nikipanda gari. Nimechoka.

Ndiyo maana wiki ile nilimwomba mwenzangu saluni anisuke misuko tisa minene, ncha nyeupe. Nilipendeza, na nilijua.

Jumapili nilikuwa niongoze wimbo wa kwanza, sauti ya peke yangu, jambo nililolingoja tangu niingie kwaya. Kiongozi wetu alizisifu nywele, akauliza ni mtindo gani. Nikamweleza yote, mbweha na mikia yake. Uso ukambadilika.

"Eish. Ile iko pepo ya Wachina."

"Ya Wajapani, maman. Na iko mchezo tu."

"Pepo haina pasipoti. Fungua ile nywele, ao hautaimba."

Mama akanisogelea, akanong'ona: "Fungua tu, mwanangu. Tusionekane."

Neno hilo lilinichemsha damu. Kwenye taxi namwelewa, kule hofu ina sababu. Lakini hapa kanisani, kwenye ghala la Mobeni tunalolipanga kwa sadaka zetu, ambapo kila mtu anasema lugha yangu, nijifiche nisionwe na nani?

"Sifungui," nikasema.

Nikavua joho la kwaya, nikalikunja vizuri na kumkabidhi kiongozi. Nikaenda kukaa benchi la mbele, karibu na mama. Hakuna aliyenizuia, maana benchi ni la kila mtu.

Kinanda kikaanza. Kwaya ikasimama ikitazamana, kwa sababu sehemu yangu hakuna mwingine aliyeifanyia mazoezi. Basi nikaianza pale pale nilipokaa. Vichwa vikageuka. Kiongozi akanikazia macho, nami nikamkazia yangu.

Kisha mkono wa mama ukatua pajani pangu. Nikangoja anifinye, na nikazidi kupandisha sauti. Mkono ulitulia hapo mpaka wimbo ukaisha.